Filamu Moja, Jumamosi Kumi na Moja

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wa huko, na kwamba lile bega lako lililokuwa linakukosesha usingizi limeanza kusikia dawa. Sisi huku tunaendelea. Wanao wanasoma, mkubwa amerefuka mpaka sare yake nimeishusha pindo mara mbili mwaka huu, na mdogo bado anagombana na viatu kila asubuhi. Shemeji yako Bwana Kesho anakusalimu sana. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe na hajaliangusha hata siku moja, kwani bomba la jikoni lililokuwa linavuja ulipokuja mara ya mwisho linavuja mpaka leo, na atalitengeneza kesho. Baba hajambo. Nimeandika kwamba Baba hajambo na nakuomba uniamini, maana hilo ndilo lililonifanya niache cherehani nikashika kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Simu nimeshindwa, dada. Kila ukinipigia, Baba yuko chumba cha pili na mlango wazi, naye masikio yake hayana kasoro hata kidogo. Halafu wewe ukishaanza kuongea, mimi narudi kuwa mtoto wa miaka saba, naitikia tu ndiyo dada, sawa dada, mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo nampa barua hii jirani yetu muuguzi, anayesafiri kesho kuja mji wenu, na nimemwapisha akukabidhi mkononi kabla ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku uliyosema utasaini zile karatasi za nyumba ya wazee. Usisaini. Soma kwanza mpaka mwisho, ukimaliza unitukane utakavyo, nami sitajibu.

Ulipomleta Baba kwangu ulisema nisimnyime sinema yake ya Jumamosi. Ulisema mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye kile chumba cha mashine, akiwaonyesha wenzake picha kupitia kitundu cha ukutani, anastahili naye kukaa kwenye kiti kama mteja. Ukaanza kutuma hela ya sinema kila mwisho wa mwezi, mbali na hela ya dawa. Mwaka wa kwanza sikuigusa kwa jambo lingine. Tulikwenda kila Jumamosi mchana. Alivaa koti lake la kijivu hata kukiwa na joto la kukaangia, akaketi mstari wa mwisho, chini ya kile kitundu, na yule mama wa tiketi alikuwa akimwita Mzee Taa, kwa sababu enzi zake yeye ndiye aliyekuwa akizima taa za ukumbi. Akitoka alikuwa anaongea njia nzima. Usiku wake alikuwa analala kama mtoto.

Lakini dada, sinema imepanda. Kuna tiketi yake na kuna yangu, kwa kuwa ngazi za gizani hawezi peke yake na lile goti. Kuna teksi ya kwenda na teksi ya kurudi. Kuna soda na bisi, kwa sababu mtu hawezi kukaa saa mbili akisikiliza wengine wanatafuna. Tena Jumamosi ndiyo siku wateja wangu wanakuja kuchukua nguo. Nilikuwa nikirudi nawakuta wamekaa kibarazani na sura ndefu, na siku moja bibi harusi alikuja kujaribu gauni akakuta kufuli, akarudi na shangazi yake Jumapili wakalichukua na pini zake zote, wakampelekea fundi mwingine. Nililia kwa hasira siku ile, sikukwambia.

Bwana Kesho ndiye aliyeleta wazo, na kwa bahati mbaya hili hakuliahirisha. Aliunganisha runinga na mtandao, akaniita kwa furaha akanionyesha kwamba filamu ileile iliyoko sinema wiki hii unaweza kuikodi nyumbani, unalipa kwa simu, unapewa siku mbili. Nilipoona bei nikamwambia huo ni wizi wa mchana, karibu tiketi mbili, na mimi nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe lenye waya unaonichoma. Akachukua penseli akanipigia hesabu. Ukitoa teksi, ukitoa soda, ukaweka kwamba tunatazama watu watano na si wawili, na mimi nikiwa pale pale mlangoni wateja wakija, nyumbani ilikuwa nafuu kwa zaidi ya nusu. Tena alisema ukivumilia wiki chache filamu hiyohiyo inashuka bei, na zile za zamani unazinunua moja kwa moja zikawa zako, kwa hela ndogo kuliko kukodi mpya mara moja. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, sina la kumlaumu.

Nikamwambia Baba kwamba sinema wanabadilisha viti. Akasema vizuri, viti vile vilikuwa vibovu tangu enzi zake. Wewe sikukwambia lolote. Ukiuliza wameonyesha nini Jumamosi nakutajia jina la filamu, na wewe unajua tumekwenda. Hela iliyobaki niliiingiza kwenye ovaloki, ile mashine ya kuzungushia kingo za nguo ambayo nilikusifia sana na wewe ukanipongeza kwa kujituma. Ndiyo hiyo, dada. Imetoka kwenye sinema ya Baba.

Jumamosi nne za mwanzo nilikodi filamu mpya, kwa haki. Ya tano mwenye ovaloki alikuwa amenikaba na malipo yake, basi nikanunua filamu moja ya zamani, ya bei rahisi. Inahusu mwizi aliyejificha katika hoteli kubwa, akampenda binti wa mwenye hoteli. Si mbaya, ina kucheka kidogo. Jumamosi iliyofuata sikuwa hata na hela ya kukodi. Nikamkalisha Baba, nikabonyeza ileile ya hoteli, na uongo wangu nimeuandaa mdomoni, kwamba nimekosea kubonyeza. Nikawa nakata kitambaa huku namwangalia kwa pembeni. Baba alikunja mikono akatazama mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha akasema ni picha nzuri, ahsante mwanangu.

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Kwanza nafuu, tena nafuu kubwa, na hilo linaniumiza kuliko yote. Halafu hofu, maana mtu hawezi kutazama kitu kimoja wiki mbili mfululizo asikitambue. Wiki ya tatu nikajaribu tena, safari hii nikijidai namchunguza. Ikawa vilevile. Nikajiambia kwamba Baba ameanza kusahau, na kwa kuwa ameanza kusahau, hata nikimletea mpya hatapata faida yoyote. Unaona nilivyojipangia. Nikaonyesha filamu ile Jumamosi kumi na moja.

Kilichonitia hofu zaidi ni maneno yake. Binti wa mwenye hoteli hakumtaja, mwizi hakumtaja. Wiki moja ananiambia yule anayebeba sinia leo amechoka, lazima viatu vinambana. Wiki nyingine anauliza yule mama mwenye tundu la ndege anasubiri nini pale chini ya ngazi. Nilikuwa najua hadithi ile kichwani na hakuna mtu wa sinia wala mama wa tundu ndani yake. Nikamwambia Bwana Kesho kwamba Baba anaona watu ambao hawapo. Yeye akasema labda tumsikilize kwanza, nami nikamjibu vibaya, nikamwambia akatengeneze bomba.

Ndipo nikakupigia, unakumbuka. Nilikwambia kila Jumamosi tunatazama filamu na wiki inayofuata hakumbuki hata moja. Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake, na hapakuwa na ukweli katika yote. Ukasema nimpeleke kwa daktari wa wazee, ukalipia, nikampeleka.

Yule daktari ni kijana mpole, anaongea taratibu. Alikuwa na fomu ya maswali ya ndugu wa mgonjwa, nami nikaijaza nikiwa nimekaa kando ya Baba. Je, anasahau mambo ya karibuni, ndiyo. Je, anataja watu wasiokuwepo, ndiyo, mara kwa mara. Halafu akamgeukia Baba mwenyewe, akamuuliza Jumamosi iliyopita alitazama filamu gani. Baba hakujibu upesi. Alinitazama mimi, dada, alinitazama kwa muda, nami nikainamia mkoba wangu nikijifanya natafuta leso. Akasema hakumbuki. Daktari akamuuliza na ile ya wiki iliyotangulia. Akasema hiyo nayo hakumbuki. Daktari akaandika.

Yaliyofuata unayajua, maana wewe ukishika jambo hulali. Ulitafuta ile nyumba ya wazee, ukatuma picha za bustani yake, ukanieleza kwamba wale wanaosahau wanawekwa upande wao, mlango unafungwa kwa nje wasije wakapotea barabarani. Ulisema gari litakuja kumchukua Jumatatu. Ulipomweleza yeye mwenyewe kwa spika ya simu, alijibu sawa mwanangu, kama umeona hivyo ni sawa. Maelekezo yao yanataka jina la mzee kwenye kila nguo, nikaanza kushona majina. Baba alikaa karibu nami akinichagulia nyuzi, akaniambia nyeusi isomeke vizuri, macho ya wauguzi nayo yanachoka. Nilishamaliza mashati saba.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi hii iliyopita. Niliwasha filamu ileile, kwa mara ya kumi na moja. Bwana Kesho alikuwa nyumbani na kwa mara ya kwanza aliamua kukaa kuitazama, maana siku zote alikuwa akiiona vipande vipande akipita. Walipofika mahali mwizi anaingia jikoni mwa hoteli, mtandao ukakatika. Kioo kikaganda. Tukasubiri, wapi. Bwana Kesho akanung'unika kwamba siku aliyoamua kutazama ndiyo siku ya kukatika, akamuuliza Baba kwa utani tu kwamba sasa huyu mtu anatorokaje.

Baba akamsimulia. Mimi nilikuwa kwenye mashine nikishona jina kwenye shati la nane. Alianzia palepale ilipokatika, akaenda hatua kwa hatua, nani ameingia kwa mlango gani, nani amesema nini, maneno yenyewe kama yalivyo, na sauti akiibadilisha. Nikatoa mguu kwenye pedali. Akafika mwisho wa hadithi, halafu akaanza kumweleza habari za wale wa nyuma. Kuna mhudumu mmoja, alisema, anapita nyuma na sinia mara sita, na mara ya nne sinia lile halina glasi, walisahau kuziweka. Kuna mama ana tundu la ndege pale mapokezi. Anashuka ngazi kabla hajapanda, kwa sababu waliounganisha ile picha walichanganya vipande. Bwana Kesho anacheka mpaka anakohoa. Ghafla akanigeukia, na kwa uso wake nikajua naye ameelewa.

Mtandao uliporudi nikairudisha filamu mwanzo, nikatazama nyuma ya watu wanaoongea. Mhudumu yupo. Mama wa tundu yupo.

Niliwatuma Bwana Kesho na watoto dukani kwa nguvu, nikakaa sakafuni karibu na kiti cha Baba. Nikamuuliza. Kwanza alijidai haelewi ninachosema, akauliza filamu gani hiyo. Nilipoanza kulia ndipo akaniwekea mkono kichwani. Akasema alijua tangu Jumamosi ile ya pili, kabla hata jina la picha halijaonekana, kwa mlio wa kwanza wa muziki. Akaniuliza kama nimesahau kazi aliyofanya. Enzi zao filamu moja ilikaa wiki nane, inaonyeshwa mara tatu kwa siku, na mtu wa mashine lazima aitazame kila mara isije ikakatika. Ili wasiende wazimu walikuwa na mtindo wao: kila onyesho unachagua mtu mmoja wa nyuma, asiye na maneno, unamfuata huyo peke yake mpaka mwisho. Leo mbeba sinia, kesho mlinda mlango. Kwa hiyo picha haiwi ileile, alisema. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anatusikia ukutani, mimi na mume wangu, tukibishana habari ya ovaloki. Alijua nimebanwa. Hakutaka nijue kwamba ameniona.

Nikamuuliza na kwa daktari je. Hapo akachezea kifungo cha koti. Mwishowe akasema kwamba angemtajia daktari filamu ile, kisha akamtajia ileile kwa wiki ya nyuma, na ile ya nyuma yake, daktari angeuliza maswali, na majibu yangefika kwako. Anasema ule mwaka mimi na wewe tulionuniana kwa ajili ya vyombo vya marehemu mama, yeye ndiye aliyekuwa akibeba salamu zetu huku na huku, akizitengeneza njiani ziwe na adabu, na hataki kuuona tena. Akaniomba, dada, aliniomba mimi, nisikwambie. Alisema yeye ameishi miaka thelathini na moja kwenye chumba kidogo chenye giza na mlango umefungwa, kingine hakimtishi.

Nimeona aibu nyingi maishani lakini ile sijawahi. Baba yangu alikubali aitwe mtu aliyepoteza akili, afungiwe na watu wasiojua siku wala jina lao, ili mimi nisigombezwe na dada yangu. Naye angekwenda. Jumatatu angepanda lile gari na mashati yake yenye majina, na mimi ningempungia mkono na kurudi ndani kushona. Ningesema moyoni mwangu kwamba nimemtendea mema.

Basi kosa ni langu lote. Hela yako nilikula, daktari nilimdanganya, na wewe nilikudanganya kwa miezi. Ovaloki nimeitangaza, kuna fundi atakuja kuiona. Kesho kutwa namrudia yule daktari, nitamweleza kila kitu na nitamwomba ile fomu aichane. Mambo mengine utaamua wewe mkubwa. Ukitaka tusisemeshane tena, nitalipokea, ila iwe mimi na wewe, Baba asilipe.

Najua tabia yako. Ukiweka chini barua hii utampigia yeye kwanza, kabla yangu, umuulize kama ni kweli. Mpigie, lakini nakuonya mapema. Atakwambia hajui habari ya filamu yoyote. Ukimuuliza Jumamosi alitazama nini atakaa kimya kidogo, kisha atakwambia hakumbuki. Usimwamini, dada yangu. Atakuwa ananisitiri mimi.

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Bwana Kesho na watoto wanakusalimu. Baba hajui kama nimeandika, ameniita sasa hivi kuuliza mbona cherehani imenyamaza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda